Barua ya wazi kwa wanangu mnaosubiri kusaini mkataba wa ajira

Wanangu,

Nimestaafu kazi ya utumishi nikidhani nimemalizana na hati za mishahara. Juzi binti wa jirani yangu, mhasibu aliyeajiriwa na kampuni moja hapa Dar es Salaam, alinijia na hati yake ya kwanza, akiamini kuna mtu ofisini amemlia fedha. Alipopigiwa simu na kutajiwa milioni moja alijibu "nashukuru sana" hata kabla mpigaji hajamaliza kueleza, naye hakuuliza kama kiasi hicho ni kabla au baada ya makato.

Tuliipitia hati mstari kwa mstari. Mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) asilimia 10, yaani 100,000. Kodi ya mapato, inayokokotolewa kwenye 900,000 zilizobaki, 103,000. Bodi ya Mikopo, kwa mkopo wake wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara, 150,000. Zikabaki 647,000, na hakuna aliyemwibia. Kilichoniudhi ni kwamba mhasibu mzima, anayewakokotolea wengine makato hayo hayo, hakujikokotolea mwenyewe. Anayetaka takriban laki nane mkononi huku akilipa mkopo wa elimu ya juu hana budi kujadiliana kwenye milioni moja na laki tatu, na hesabu hiyo hufanywa nyumbani kabla ya simu kulia.

Tangazo la kazi yenyewe lilisema "mshahara ni maelewano". Maelewano gani, ikiwa upande mmoja umenyamaza? Nafasi nyingi nilizozisimamia zilikuwa na bajeti yenye kiwango cha chini na cha juu, na mwajiri aghalabu huanzia chini, kwa kuwa anatarajia kuombwa aongeze. Serikalini ni tofauti, kwa sababu ngazi za mishahara zimekwisha kupangwa, na huko msijisumbue.

Ukipewa ofa, shukuru, kisha omba siku mbili uipitie. Ukirudi, taja kiasi kimoja unachokitaka na ukitetee kwa kazi utakayoifanya: cheti chako cha taaluma, mfumo wa hesabu unaoumudu, uzoefu wako. Kodi ya nyumba na ada za wadogo zako ni mizigo ya kweli, nami naijua, lakini kwa mwajiri si hoja. Wakikataa kuongeza mshahara, ulizia posho ya usafiri, bima ya afya, na mapitio ya mshahara muda wa majaribio ukiisha. Likizo ya mwaka ya siku 28 msiihesabu kuwa fadhila, maana ni haki ya kisheria.

Sisi wazazi nasi tuna lawama. Mtoto akitaja fedha mbele ya mkubwa tunamwita fidhuli, na akipata kazi tunamwonya asiringe, wenzake wako mitaani. Matokeo yake anaingia ofisini akiomba msamaha kwa kulipwa, na waajiri wanalijua hilo vizuri mno.

Mkishaelewana, kila kitu kiandikwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako, ukiwemo ujira na namna unavyokokotolewa. Mkiambiwa "hilo tutalizungumza ukishaanza", ombeni kwa upole liingizwe kwenye barua ya ajira kwanza, ndipo mchukue kalamu.

Mzee wenu, ofisa utumishi mstaafu