Noti za benki, noti za muziki

Mhariri,

Kila ninapotazama filamu ya vijana wanamuziki wanaopambana na upendeleo na rushwa, huwa naisubiri bahasha. Haikosi. Baba mwenye suti humwita jaji pembeni, mlungula hupita chini ya meza, nasi watazamaji tunajua nani wa kumchukia. Ni rahisi mno. Kwenye muziki, noti za benki huanza kazi miaka mingi kabla noti za muziki hazijasikika jukwaani.

Chukua fidla, yaani violini. Mtoto mdogo haanzi na fidla kamili. Huanza na ya robo, au ndogo zaidi, kisha ya nusu, kisha ya robo tatu, na kila mikono inaporefuka mzazi hununua au hukodi nyingine. Ongeza mwalimu wa kulipwa kila wiki, na mpiga piano wa kumsindikiza siku ya usaili. Hapo hakuna aliyehonga mtu, ila wenye vipaji kadhaa wameshabaki nje ya mlango. Ningekaa na filamu ya namna hiyo bila kusinzia.

Halafu kuna jaji ambaye pia ni mwalimu. Dunia ya muziki ni ndogo. Anayetoa alama huenda ndiye aliyemfundisha mshindani, au ni swahiba wa aliyemfundisha. Waandaaji wanalijua hilo. Mashindano ya piano ya Chopin ya Warsaw, Poland, yaliyoanza mwaka 1927, yana kanuni ya kumzuia jaji kumpa alama mwanafunzi wake, na baada ya yale ya 2015 alama za kila jaji ziliwekwa hadharani. Kwenye mashindano hayo hayo, mwaka 1980, mpiga piano maarufu Martha Argerich alijitoa kwenye jopo la majaji baada ya mshindani Ivo Pogorelich kuenguliwa kabla ya fainali. Ule haukuwa mzozo wa rushwa, ulikuwa wa masikio, lakini hebu fikiria kijana wa miaka kumi na saba akiwatazama wakubwa wakigombana hivyo juu ya muziki wake.

Wengine walijaribu pazia. Okestra ya Boston, Marekani, ilianza kuwasikiliza waombaji wakiwa nyuma ya pazia mwaka 1952, na kwingine waombaji wakaambiwa wavue viatu ili visigino visimtaje mwanamke. Wazo zuri. Ila pazia linaficha sura tu. Masomo ya kulipia ya miaka kumi yanasikika vilevile.

Ombi langu kwa watunzi wa filamu hizi ni moja: msimfanye mtoto wa tajiri kuwa bwege asiyejua kupiga. Mpeni kipaji, mpeni na vidole vilivyoota sugu. Kisha usiku wa kuamkia fainali agundue kwamba alibebwa tangu raundi ya kwanza, wala hakuhitaji kubebwa. Na rafiki yake aliyetolewa awe amesimama mlangoni, na ile fidla ya kuazima mkononi, amekuja kumtakia heri.

Msomaji wenu