Kabla hujapanda boti

Mwanakwerekwe, Mei

Zuhura mwanangu,

Assalaamu alaykum. Sisi wazima, goti tu ndilo linanisumbua nikishuka ngazi. Kaka yako amenisomea mpango wako wa Agosti wa kutembelea visiwa vya Ugiriki: bandari ya Piraeus, halafu Syros, Paros, Naxos, Ios, Santorini. Visiwa vitano kwa siku tisa! Hayo si matembezi, huo ni uchukuzi. Nikamwambia asome tena, nikahesabu kwa vidole. Pamoja na kurudi, utapanda boti mara sita.

Na kuogelea hujui.

Usidhani sikufurahi. Wewe ndiye wa kwanza kwetu kula mshahara wa Hamburg, na ukitaka kutembea kwa jasho lako una haki. Barazani wote wanajua, nimewachosha. Lakini mimi nimefanya kazi bandarini Malindi, hapa Unguja, miaka 31, halafu habari za boti nazipata kwa kaka yako?

Sasa sikiliza. Julai na Agosti huko kunavuma upepo wanaouita meltemi. Unatoka kaskazini kama kaskazi yetu, ila wao unawajia wakati wa joto, sisi huku tukiwa kwenye kusi. Ubaya wake hauji na wingu. Jua linawaka, mbingu safi kama sahani iliyooshwa, na bahari yote imekuwa nyeupe kwa povu. Mgeni akitazama juu anaona hali nzuri. Wewe tazama maji. Ukizidi, bandari wanazuia boti zisitoke, na yaweza kuchukua siku mbili. Usigombane na mkata tiketi. Na usipange kushuka botini na kukimbilia ndege siku hiyo hiyo, rudi Piraeus siku moja kabla.

Zile boti za kasi mnazozipenda vijana zinafika mapema, sikatai, lakini ndizo zinazozuiwa mwanzo na ndizo zinazotapisha. Panda meli kubwa inayobeba magari, mwendo wake mpaka Paros ni kama saa tano. Kaa nje, utafune tangawizi. Mkikaribia gati, mlango wa nyuma unaanza kushushwa meli bado inageuka, na watu wamejazana kule chini kwenye magari na mabegi yao. Inasimama dakika chache tu. Usisukumane. Ukipitishwa, utashuka kisiwa cha mbele, si unavitaka vingi?

Hili sikutaka kuliandika. Tarehe 26 Septemba 2000, usiku, meli iliyotoka Piraeus iligonga miamba karibu na Paros, hiyo hiyo Paros yako. Walikufa watu wapatao 80. Milango ya chini ya kuzuia maji ilikuwa imeachwa wazi. Wavuvi wa Paros ndio waliotoka na mashua zao gizani kuwaokota watu, na nilipolisikia hilo nikaiona Nungwi. Na ile meli yetu ya Nungwi, iliyozama 2011, unajua iliundwa wapi? Ugiriki, mwaka 1967. Ilizeekea huko ndipo ikaja kwetu. Shangazi yako simtaji. Tiketi yake aliikata nani, nayo unajua.

Najua sasa huko wana utaratibu, majina yanaandikwa, watu wanahesabiwa. Kwetu usiku ule hakuna aliyejua meli imebeba wangapi. Lakini orodha ya majina haimshiki mtu juu ya maji. Ukipanda, kabla hujatafuta chai, tafuta jaketi okozi zimewekwa wapi na mlango wa kutokea uko upande gani. Wenzako wakicheka, wacheke.

Mamaako alisema zamani. Wasichana wa Nungwi walipoanza kufundishwa kuogelea, akataka na wewe upelekwe. Kuna mtu akacheka barazani, akasema mtoto wa kike aogelee aende wapi. Kaka zako kila jioni walikuwa wanajirusha Forodhani na hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi. Mtu huyo sasa amezeeka na goti linamuuma.

Punguza visiwa. Paros na Naxos zinatosha, ni jirani, boti haimalizi hata saa moja. Naxos wanalima viazi na wana jibini yao, utakula vizuri. Santorini iache mwaka mwingine. Februari 2025 ilitikisika mpaka watu maelfu wakaihama kwa boti. Sikutishi, nakwambia tu.

Mamaako anauliza karafuu zimefika? Alimpa yule mtoto wa jirani aliyekuja likizo, na pilipili manga kidogo. Paka amezaa juu ya kabati lako la vitabu, watoto watatu, mmoja hana mkia. Nimekataza wasiguswe mpaka wafumbue macho. Jirani wa nyuma amepandisha ukuta mpaka dirishani kwetu, chumba chako sasa kinawashwa taa mchana.

Pampu ya kisima imeungua tena, fundi anasema ni nyaya, kama alivyosema mara iliyopita. Zile pesa ulizotuma za pampu bado zipo, sijazigusa. Nimeshazungumza na mamaako, tunakurudishia. Kaka yako ameangalia, anasema Hamburg kuna mabwawa ya ndani na walimu wanawake wapo. Agosti bado miezi mitatu. Maji tunachota kwa jirani wa mbele, ndoo sita asubuhi na nne jioni, nazibeba mimi, polepole.

Babaako