Kihispania cha ngazi ya kati kifafanuliwe kwa Kiswahili

Mhariri,

Wanafunzi wa Kihispania katika vyuo vya Kisumu, Kakamega na Nakuru huvuka hatua ya kwanza bila taabu kubwa. Wanajitambulisha, wanahesabu, wanaagiza chakula. Wakifika ngazi ya kati, ile ambayo mfumo wa Ulaya huiita B1, wengi hukwama, na lawama hutupiwa ugumu wa lugha. Sisi tunaoifundisha tunaona tatizo liko kwingine. Sarufi ya ngazi hii hufafanuliwa kwa Kiingereza, kwa vitabu walivyoandikiwa Wamarekani na Waingereza, ilhali darasa zima lina Kiswahili kichwani. Na pale hasa panapowasumbua wanafunzi, Kiswahili ndicho kilicho karibu na Kihispania.

Chukua sentensi "nataka aje". Kihispania chake ni "quiero que venga", na umbo "venga" linafanya kazi ile ile ya kiishio chetu -e. Aliyepitia Kiingereza huandika "quiero él venir", kosa ambalo lisingemjia kama angeanzia "nataka aje". Vivyo hivyo "ni lazima usome" ni "es necesario que leas", na "mwambie alete" ni "dile que traiga". Hata anayesema "nataka akuje", kama tunavyosikia kila siku kwenye matatu za Kondele, ameshaiweka -e mahali pake.

Ukaribu huo una mipaka, na mwalimu asiyeijua atawapotosha wanafunzi. Sisi husema "natumaini atakuja" na "sidhani kama atakuja", kwa -ta-. Kihispania hakikubali: "espero que venga", "no creo que venga". Tena, tukizungumzia yaliyopita, -e yetu haibadiliki, "nilitaka aje", lakini Mhispania atasema "quería que viniera". Umbo hilo lisikaririwe kwenye jedwali. Chukua nafsi ya tatu wingi ya wakati uliopita, ondoa -ron, weka -ra: "vinieron" hutoa "viniera", "hicieron" hutoa "hiciera", "fueron" hutoa "fuera". Anayekosea hapa mara nyingi tatizo lake ni la nyuma, kwamba hakuzishika hizo "-ron" mapema.

Mtego mkubwa kuliko yote ni -ki-. "Akija nitamwambia" ina maana mbili, na Kihispania huzitenganisha. Kama haijulikani iwapo atakuja, ni "si viene, se lo diré". Kama kuja atakuja, ila saa ndiyo haijafika, ni "cuando venga, se lo diré". Darasani huandikwa "si venga", nalo ni kosa kila mara katika sentensi ya namna hii. Mwanafunzi ajiulize: hapa naweza kuweka "endapo"? Basi ni "si viene". Naweza kuweka "atakapokuja"? Basi ni "cuando venga". Kipimo hiki hakishindwi mara nyingi, na hakuna kitabu cha Kiingereza kitakachompa, kwa sababu Kiingereza hakina -ki-.

Wakati uliopita nao una maumbo mawili, na vitabu hupenda kusema kwamba moja ni la tendo fupi na jingine la tendo refu. Si kweli. "Niliishi Kondele miaka kumi" ni "viví en Kondele diez años", hata kama miaka kumi ni mingi, kwa kuwa imefungwa pande zote mbili. "Wakati huo nilikuwa nikiishi Kondele" ni "vivía en Kondele". Basi penye -likuwa -ki- weka "vivía", "íbamos", "leía": "tulikuwa tukienda Kibuye kila Jumapili" ni "íbamos a Kibuye todos los domingos". Na penye -ka- ya masimulizi weka lile umbo la kwanza bila kusita. "Akaingia, akaketi, akaagiza ngege" ni "entró, se sentó y pidió tilapia". Tahadhari moja: "nilijua" kwa kawaida ni "sabía". "Supe" ni kupata habari.

Kuhusu "ser" na "estar", vitenzi viwili vya Kihispania vyenye maana ya "kuwa", Kiswahili cha mtaani kinatusaidia kuliko kile sanifu, jambo ambalo wenzetu wa idara ya Kiswahili huenda wasilipende. Sanifu husema "ni mwalimu" na pia "ni mgonjwa", lakini mtaani mgonjwa husemwa "ako mgonjwa", na Kihispania hutenganisha vivyo hivyo: "es profesor", "está enfermo". "Ako nyumbani" ni "está en casa". Hali zinazobebwa na -me- nazo huenda upande wa "estar": "amechoka" ni "está cansado", "ameketi" ni "está sentado". Wanafunzi huandika "ha cansado" kwa kufikiri kila -me- ni "ha". Shughuli ndizo huvunja mpango huu, kwani "mkutano uko Kisumu" ni "la reunión es en Kisumu".

"Gustar" isifundishwe kwa "kupenda" bali kwa "kupendeza". Kitabu hiki kinanipendeza, "me gusta este libro". Vitabu hivi vinanipendeza, "me gustan estos libros". Kitenzi hufuata vitabu katika lugha zote mbili, na "yo gusto los libros" huanza kupotea yenyewe. Upande wa yambwa, yaani anayetendewa au kinachotendwa, kitenzi chetu hubeba moja tu. Ukiulizwa kama ulimpa kitabu, "nilimpa" inatosha. Kihispania hutaka zote mbili, "se lo di", "se" ya aliyepewa na "lo" ya kitabu, na wetu huiacha hiyo "lo" kwa sababu masikio yao hayaikosi.

Mkazo ni jambo la haraka. Silabi ya pili kutoka mwisho hutufaa kwa neno linaloishia na irabu, n au s. Mengine, kama "ciudad", hukazwa mwishoni, na alama huonyesha yanayokiuka. "Hablo" ni nasema. "Habló" ni alisema.

Tunachopendekeza si somo zima liwe la Kiswahili. Dakika 15 za mwanzo zinatosha: sentensi 10 ubaoni, za mambo ya Kibuye au Dunga, wanafunzi wapigie mstari viambishi -e, -ki-, -ka-, -me-, kisha watafsiri. Baada ya hapo ni Kihispania pekee, tena cha kusema. Mtihani wa DELE, ule wa kimataifa wa Kihispania, wa ngazi ya B1 umegawanywa sehemu mbili za alama 50 kila moja, kusoma na kuandika upande mmoja, kusikiliza na kuzungumza upande wa pili, na kila upande una kiwango chake cha kupita, alama 30. Mwenye 48 upande wa kusoma na kuandika na 25 upande wa kusikiliza na kuzungumza ameanguka.

Idara za lugha zina walimu wa Kiswahili ofisi ya pili. Wakikaa pamoja na wa Kihispania alasiri moja kabla ya muhula kufunguliwa, orodha ya sentensi za wiki zote itakuwa tayari.

Walimu wa Kihispania,
Kisumu