Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa IEBC: Tuachieni sahihi zetu kwenye vibonzo

Bw. Erastus Edung Ethekon,
Mwenyekiti, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka.

Bwana Mwenyekiti,

Nakusalimu kutoka Kisumu. Mimi ni mchoraji. Mchana naandika mabango ya maduka, vinyozi na hoteli, na kazi ikipatikana napaka matatu rangi. Jioni nachora vibonzo vya siasa, vile ambavyo watu hutumiana kwa simu. Nakuandikia kwa sababu ya hiyo kazi ya jioni, na ombi langu nalitanguliza: kabla kampeni za uchaguzi wa Agosti 10, 2027 hazijapamba moto, Tume itamke kwa maandishi, hadharani, kwamba kumchora kiongozi au mgombea kwa kejeli si kosa la uchaguzi. Itamke pia kwamba picha inayochochea jamii moja dhidi ya nyingine ni kosa, hata kama aliyeilipia ni mtu mkubwa.

Unaweza kuniambia kwamba Katiba imeshasema. Ni kweli. Kifungu cha 33 kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi, kisha kinaondoa propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Kumwaibisha mwanasiasa hakumo katika orodha hiyo. Anayeona jina lake limechafuliwa anaweza kwenda mahakamani kudai fidia. Lakini kumfunga mtu jela kwa kashfa kulikomeshwa Februari 2017, Mahakama Kuu ilipokifuta kifungu cha 194 cha sheria ya adhabu. Hayo yote yako kwenye vitabu. Sisi tunaochora tunaishi na yanayotendeka barabarani.

Desemba 2024 kijana Gideon Kibet, ambaye wengi wanamjua kama Kibet Bull, alitekwa nyara Nairobi baada ya kutoka ofisini kwa Seneta wa Busia, Okiya Omtatah. Michoro yake ilikuwa vivuli vyeusi tu. Hakuweka macho, hakuweka mdomo, na bado kila Mkenya alimtambua Rais kwa umbo lake. Kwa jicho la mchoraji huo ni ustadi mkubwa: kuondoa karibu kila kitu na mtu abaki pale pale. Ndugu yake naye alitoweka. Polisi walikana kuwa nao. Desemba 27 Rais William Ruto alikuwa huku kwetu, Homa Bay, akaahidi kwamba utekaji nyara utakoma, huku akiwataka vijana wawe na nidhamu. Kibet aliachiliwa Januari 6, 2025, pamoja na wengine waliokuwa wametekwa.

Wengi waliifuata habari hiyo mpaka siku alipopatikana, kisha wakaendelea na mengine. Kwetu sisi wachoraji ndipo jambo lilipoanzia. Katika kikundi chetu cha wachoraji hapa Kisumu, ambako zamani kila mtu alikazana sahihi yake ionekane hata kibonzo kikipunguzwa kwenye simu, vijana walianza kuchora bila jina. Mmoja alifuta sahihi kwenye michoro yake yote ya nyuma. Mwingine alihamia kuchora picha za harusi, na sijamwona tena akigusa siasa. Mama yake alimwambia aache, na nani angemlaumu mama huyo?

Bwana Mwenyekiti, naomba ukae kidogo hapo kwenye sahihi, maana huo ndio uzito wa barua yangu.

Miezi hiyo hiyo zilizagaa picha zilizotengenezwa kwa akili unde zikimwonyesha Rais ndani ya jeneza. Kwetu huku jeneza si jambo la mchezo. Lina taratibu zake tangu linapofika bomani hadi linapoteremshwa kaburini, na mtu hawekwi ndani yake angali hai. Mimi singeichora picha ile. Nilimkanya kijana mmoja wa kikundi chetu asiisambaze, naye akaniitikia, ingawa alinijibu kwamba wenzake waliozikwa baada ya maandamano ya Juni 2024 ya kupinga mswada wa fedha hawakuwa picha. Sikuwa na jibu la kumpa. Lakini mimi kumkanya ni malezi. Kumvuta mtoto wa watu ndani ya gari lisilojulikana ni uhalifu, hata picha iwe mbaya kiasi gani.

Sasa tutazame picha na maandishi ambayo kweli yamewahi kuua Wakenya. Watu wa Nakuru, Molo na Burnt Forest hawahitaji kuelezwa vikaratasi ni nini. Vilirushwa usiku, vikiamuru jamii fulani ihame kabla ya siku fulani. Vilionekana katika machafuko ya miaka ya 1990, vikaonekana tena wakati wa uchaguzi wa 2007. Wanasiasa walipanda majukwaani wakazungumza juu ya kung'oa magugu na kuondoa madoadoa, na waliosikiliza walijua ni jirani gani anayetajwa. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini katika machafuko yaliyofuata uchaguzi huo. Nakuru na Naivasha ziliwaka Januari 2008. Hapa Kisumu wengi walikufa kwa risasi za polisi, kama ilivyoandika tume ya Jaji Waki iliyochunguza machafuko hayo.

Hakuna kikaratasi hata kimoja kilichokuwa na sahihi. Mchora vibonzo huweka jina lake pembeni, kwa herufi anazozijali kuliko sura ya waziri anayemchora, kwa sababu anataka ujue ni yeye. Ukikasirika unajua pa kumpata: utamwandikia mhariri, utampigia simu, utamshtaki. Anayetaka damu hataki ajulikane. Kwa hiyo mkono wowote unapomtisha mchoraji mpaka anaficha jina lake, unafuta alama iliyomwezesha mwananchi kutofautisha kejeli na sumu. Kufikia Agosti 2027 picha zote kwenye simu zetu zitakuwa hazina mwenyewe, za mchoraji mwoga na za mchochezi aliyelipwa, na zile za akili unde zilizotengenezwa kwa dakika mbili. Nani atazitenganisha usiku wa kusubiri matokeo?

Waliochorwa hawakufa kwa kuchorwa. Wakati wa utawala wa chama kimoja wachoraji wa magazeti hawakuthubutu kuuchora uso wa Rais Moi. Vyama vingi viliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo kalamu zilipopata ujasiri, na Moi aliendelea kutawala mpaka 2002. Katika miaka ya kesi za machafuko hayo ya 2007 kule ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mchora vibonzo Gado aliwachora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakikokota tufe la chuma lililofungwa mguuni kwa mnyororo. Wote wawili waliingia madarakani. Kesi ya Uhuru iliondolewa Desemba 2014, ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016. Wafuasi wao walichukia ule mnyororo, na walikuwa na haki ya kuuchukia. Ila sijasikia kijiji kilichochomwa kwa sababu yake.

Mwaka 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, wakala wa mgombea mmoja alinijia kibandani. Simtaji jina, wala kiti kilichokuwa kikigombewa. Alikuwa na pesa mkononi, nyingi kuliko ninazopata kwa mwezi mzima wa mabango. Alitaka nichore jamii jirani kama viwavi wanaomaliza shamba la mahindi, na mkulima akiwa amesimama na dawa ya kunyunyiza. Nilipomuuliza kama jina langu litawekwa alishangaa, akasema hapana, picha hii haihitaji jina. Nilimrudishia pesa zake. Wiki iliyofuata niliona kitu kinachofanana na hicho kikizunguka kwenye simu, kimechorwa vibaya na mtu mwingine, bila sahihi. Hakuna aliyetafutwa kwa ajili ya picha ile. Watu wa jamii ile wananunua samaki na omena pale pale tunaponunua sisi, watoto wao wanasoma na wetu.

Usione kwamba nakuletea jambo lisilohusu Tume. Kazi yenu imejaa picha tangu zamani. Katika mchujo wa 1988 wa KANU, chama pekee wakati huo, wapigakura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea au mawakala walioinua picha zao, na kila aliyesimama pale alionekana na chifu, na mwajiri wake, na majirani. Picha ilitumiwa kumwanika mpigakura. Katika kura ya maamuzi ya Novemba 21, 2005, tume ya wakati huo iligawa ndizi kwa wanaounga mkono na chungwa kwa wanaopinga. Tunda lile likawa chama, ODM, na mpaka leo chungwa hapa Kisumu si tunda tu. Katika kura ya maamuzi ya 2010 tume ya muda ilitumia rangi, kijani na nyekundu. Kwenye karatasi ya kura mgombea ana uso wake na nembo ya chama, ili bibi asiyejua kusoma naye achague bila kushikwa mkono.

Na 2022, ni picha zilizoleta utulivu kidogo. Tume iliweka picha za fomu za 34A, zenye matokeo ya urais ya kila kituo, kwenye mtandao, kutoka vituo zaidi ya 46,000, na mwananchi wa mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu akaweza kuitazama fomu ya kituo chake mwenyewe. Hata sisi ambao hatukuyapenda matokeo tulizitazama. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na natumaini halitarudishwa nyuma.

Kwa hiyo mnaelewa nguvu ya picha. Kifungu cha 88 cha Katiba kinawapa jukumu la elimu ya mpigakura na la kusimamia kanuni za maadili ambazo vyama na wagombea hufungwa nazo. Hapo ndipo naomba tamko langu liwekwe. Chama kinapotia sahihi kanuni hizo kijue kwamba kikigundulika kimelipia picha ya kuifanya jamii nzima mdudu, mgombea wake atajibu, si mchoraji maskini peke yake. Na kijue kwamba kutuma vijana kumpiga mtu aliyemchora mgombea wao ni kosa sawa na kuvuruga mkutano wa mpinzani.

Mwaka 2022 kura za urais zaidi ya 113,000 zilikataliwa. Baadhi ya watu hawajui alama iwekwe wapi, na kijitabu cha maneno mengi hakiwasaidii. Tupeni kazi hiyo. Kuna mikono mizuri Kisumu, Kakamega, Busia na Nakuru, inayoweza kueleza karatasi sita za kura kwa michoro sita ambayo mtu ataielewa akiwa amesimama foleni ya maji. Maneno yake yawe kwa Kiswahili, Kijaluo, Kiluhya na Kikisii. Na mkitupa kazi, acheni majina yetu yabaki pembeni ya michoro. Mwananchi akiona Tume yenyewe inachapisha mchoro wenye sahihi, atajifunza kuuliza jina liko wapi anapotumiwa picha isiyo nalo.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni gumu kulisema nikiwa Kisumu. Raila Amollo Odinga alitutoka Oktoba 15, 2025. Mwaka 2027, kwa mara ya kwanza tangu 2002, jina lake halitakuwa kwenye karatasi ya kura ya urais. Tayari mabango ya wanaotafuta viti huku yanambeba: mgombea upande mmoja, Baba, kama tulivyomwita Raila, upande wa pili, kana kwamba amewapa baraka wote, hata wale wanaopingana. Wachoraji watalichora jambo hilo. Lazima walichore, kwa sababu ni la kweli. Na watu wetu watakasirika, kwa kuwa kidonda bado kibichi. Raila mwenyewe alichorwa miaka mingi, akiwa na kofia zake, akivuka Yordani kwenda Kanani, akishinda, akishindwa, na nawajua watu hapa mjini waliokuwa wakinuna asubuhi nzima kwa sababu ya kibonzo kimoja cha gazeti. Safari hii hawatanuna tu. Kwa hiyo sikuombi utulinde dhidi ya serikali peke yake. Naomba utulinde pia dhidi ya majirani zetu, watu tunaokula nao, watakaoona kwamba kumchora mgombea akijificha nyuma ya picha ya Baba ni kumtukana Baba.

Wasimamizi wenu wa uchaguzi wako katika kila eneo bunge. Waagizwe kukutana na wachoraji, wahariri wa redio za mitaa na makamanda wa polisi kabla ya msimu wa mabango kuanza, na kila mmoja aondoke na nakala ya tamko hilo mfukoni, lenye nambari ya simu ya ofisa wa Tume atakayepokea malalamiko usiku na mchana. Polisi akija kibandani kuuliza kibonzo hiki ni cha nani, niweze kumwonyesha sahihi yangu, kisha nimwonyeshe na yako.

Jibu lako naomba ulitoe hadharani, kama nilivyokuandikia.

Wako,
Mchoraji wa mabango na vibonzo,
Kisumu.