Kijana wa boda, njoo ukalie kiti changu

Mhariri,

Mimi ni dereva wa trela, mtu wa Tororo, na njia yangu ni Mombasa–Kampala, mwaka wa 19 sasa. Wiki iliyopita pale Naluwerere, Bugiri, chai haijapoa, kijana wa bodaboda akanijia juu. Eti wakati naingia kuegesha nilimbana makusudi. "Mzee, uliniona kabisa!"

Sikubishana naye. Nilimpandisha kabini, akakalia kiti changu, akashika usukani. Tanboi wangu, msaidizi wa lori, akaisukuma pikipiki ya huyo kijana, nyekundu, hadi ubavuni kushoto, nyuma kidogo ya mlango. Nikamuuliza, boda yako iko wapi? Akakodolea kioo cha kushoto. Akanyanyuka, akachungulia dirishani. Kile kioo kidogo cha juu ya mlango kilimwonyesha kipande cha kofia ya tanboi, basi. Tanboi akapiga honi ya pikipiki, kijana akashtuka kama kaumwa na nyuki.

Nikamweleza na lile la kubanwa. Nikikata kushoto, kwanza navuta kichwa cha lori kulia, maana magurudumu ya nyuma ya trela hayafuati kichwa. Yanakatiza kwa ndani. Yeye aliona nafasi imefunguka kushoto, akadhani nimempisha.

Wenye magari madogo nao wana yao. Unatoka msitu wa Mabira umejaza mzigo, mtu anakupita kwa kasi, anajipachika mbele yako, halafu anakanyaga breki pale sokoni Namawojjolo kwa sababu ameona kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma. Breki zangu ni za upepo, na nyuma yangu kuna kontena. Nafasi ile niliyoiacha mbele ndiyo breki yangu yenyewe, naye ameijaza na gari lake.

Tusijifanye malaika. Sisi wa malori tumezoea kuwasha indiketa ya kushoto kumwambia aliye nyuma apite. Ni wema, lakini kesho mwenzangu anaiwasha ileile kwa kuwa anakata kushoto kweli. Aliye nyuma atajuaje? Mimi nimeacha.

Wanangu wawili wamepita shule ya udereva. Alama zote za barabarani wanazo kichwani, ila hakuna aliyewaonyesha lori kwa karibu. Wakati huohuo pale Malaba tunakaa kwenye foleni ya mpaka saa nyingi, injini zimezimwa, tunacheza dama. Steji za boda ziko hapohapo. Viongozi wa steji na walimu wa udereva wawalete vijana wao watano watano, kila mmoja apande, aangalie vioo, atafute pikipiki ya mwenzake. Dakika kumi kwa mtu zinatosha, na hakuna wa kulipwa.

Kabini yangu iko wazi. Funguo tu ndizo nitakaa nazo mfukoni.

Dereva wa trela,
Tororo