Tausi kabaki peke yake, nimchukue rotwaila mkubwa wa bure au nisubiri Boerboel ya mume wangu?

Habari za kazi dokta, na wasomaji wenzangu hamjambo. Naomba ushauri wa haraka maana hapa nyumbani kila mtu anasema lake na anayeshinda na mbwa kutwa ni mimi.

Tunaishi Madale, Dar, tuna ukuta na geti ila nyumba za huku bado zimeachana na vibaka wanapenda sana pampu za maji na betri za sola. Tuna jamani shepadi jike anaitwa Tausi, miaka minne, hajahasiwa. Alikuwa anaishi na Simba, mbwa wetu wa kienyeji, yule ndo alikuwa bosi wa uwanja. Simba kafa kwa ugonjwa wa kupe, babesia, alifikia kukojoa mkojo mwekundu kabisa. Toka hapo Tausi sio yule. Chakula anaonja tu anaacha, anachimba mashimo pembeni ya geti, usiku akisikia kitu anabweka kidogo afu anakuja kujilaza mlangoni kwangu, yani mlinzi ndo anataka kulindwa. Na azana ya alfajiri ikianza analia nayo mpaka inaisha, zamani walikuwa wanalia wawili. Mzee jirani akiwa anaenda msikitini anampita kwa mbali asimguse na kanzu yake, lakini juzi kaniambia mwanangu mtafutieni huyu mwenzie.

Basi tukakubaliana aletwe mwingine, awe mkubwa na wa ulinzi kweli, maana mume wangu ni dereva wa lori, akienda Lubumbashi nabaki na watoto wawili wa miaka sita na mitatu pamoja na dada wa kazi ambaye anaogopa mbwa hata wa kwenye kalenda. Tukaja kwenye aina gani, hapo ndo ugomvi.

Mume wangu anataka papii dume wa Boerboel, kawaona huko njiani Zambia. Asili yao ni Afrika Kusini, kwenye mashamba ya makaburu, dume anafika kilo 70 na wengine wanapitiliza, manyoya mafupi kwahiyo joto la Dar halimsumbui sana. Sibishi, mbwa anatisha. Nikamwambia Denmark walimpiga marufuku toka 2010, akanijibu Denmark hakuna wezi wa pampu. Sasa muuzaji naye kila nikimpigia ananishawishi nichukue wawili wa tumbo moja, dume na jike, eti watazoeana, sawa, watazoeana wao kwa wao na Tausi je? Na nasikia majike wawili wazima wakichukiana ndo hawapatanishiki tena. Alafu anataka kuwatoa wakiwa na wiki tano wakati inatakiwa angalau wiki nane, maana papii anajifunza kwa mama yake na ndugu zake namna ya kuishi na mbwa wenzake, na mimi ndo hicho hicho ninachokitafuta!

Shemeji yangu ndo kabisa, anataka mbwa wa Kaukasi, yule wa manyoya mengi, sijui kaona wapi video zake. Mbwa wa milimani kwenye theluji, kazi yake kulinda kondoo wasiliwe na mbwa mwitu, umlete Madale mwezi wa pili ambapo sisi wenye kanga moja tunahema. Hapana. Great Dane nilimpenda mwenyewe kwa ule urefu ila wengi hawavuki miaka kumi na matumbo yao yana tabia ya kujaa gesi yakajisokota, na watoto walivyomlilia Simba inatosha kwanza.

Sasa wiki iliyopita katokea mzungu mmoja Mbezi Beach anarudi kwao mwisho wa mwezi, anagawa bure rotwaila dume, Bruno, miaka mitatu, kilo 52, kahasiwa, ana chanjo zote mpaka ya kichaa, na kakulia na watoto. Shida yake moja, hajawahi kuishi na mbwa mwingine. Jumamosi tukawakutanisha kwenye uwanja wa wazi, sio kwake sio kwangu, kila mbwa na kamba yake. Tausi manyoya ya mgongo yalisimama kuanzia shingoni mpaka mkiani. Bruno akamnusa akamzunguka afu akamwekea kichwa juu ya shingo, Tausi akageuka akamtolea meno bila kumgusa, Bruno akarudi nyuma akawa anaangalia pembeni. Baadae wakawa wanakojolea mti mmoja kwa zamu. Mwenye mbwa anasema imeenda vizuri sana, mimi mikono ilikuwa inatetemeka hata sielewi nilichokiona.

Ndo naomba mnisaidie, manyoya kusimama vile ni hasira au ni kuhamanika tu? Na kile kichwa shingoni ni kutaka ubosi? Kama alirudi nyuma alivyokaripiwa mimi nahisi ni dalili nzuri, ila pale ilikuwa uwanja wa watu, hapa kwangu Tausi ana banda lake, bakuli lake na watoto wangu anaowaona wake. Nikimleta niwatenganishe kwa wavu muda gani kabla ya kuwaacha pamoja usiku? Tausi anakula ugali wa dona na dagaa, siku nyingine utumbo, Bruno kazoea chakula cha mfuko ambacho siwezi kukinunua kila mwezi, nimbadilishie vipi asiharishe?

Kingine, Tausi akiingia joto madume ya mtaa mzima yanahamia getini, je dume aliyehasiwa atatulia au atapigana nayo kila dada akifungua geti? Ila nikichukua Boerboel ndo kasheshe zaidi, daktari kasema mbwa wakubwa wasihasiwe mapema mifupa haijakomaa, Tausi anaingia joto kama kila miezi sita, wakiteleza tu siku 63 nina papii labda nane za kulisha. Au suluhisho ni kumhasi Tausi kwanza halafu ndo tuongelee mwenzie?

Mume wangu yuko foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kasema nisiamue bila yeye. Na kuna mtu wa Kibaha anamtaka Bruno akamfunge mnyororo kwenye godauni. Naomba wanijibu waliofuga mbwa wawili wakubwa ndani ya ukuta mmoja na watoto wadogo, wauza papii tafadhali nipisheni.

Mama Eliya, Madale