Tumbo joto lilikuwa mteremkoni

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kuchelewa kujibu. Barua yako niliikuta inanisubiri tuliporudi. Sisi sote wazima, isipokuwa magoti ya baba watoto, ambayo yanalalamika kila akipanda ngazi, na pua yangu, ambayo inabambuka kama kitunguu. Jua la kule juu si hili tulilolizoea. Kila ukipanda mita 1,000 mionzi yake inayounguza ngozi huongezeka kwa takribani asilimia 10. Nilikuwa nikiwakimbiza watoto na mafuta ya kujikinga kila tulipopumzika, mwenyewe nikajisahau.

Umeniuliza jambo moja tu kuhusu safari yetu ya baiskeli: watoto waliwezaje kupanda mlima? Nitakujibu, lakini umeuliza kuhusu upande mmoja wa mlima, na yaliyonikuta yalikuwa upande wa pili.

Kupanda ni kazi ya punda, ila ni kazi yenye amani. Barabara za milimani huzungushwa kona juu ya kona ili mwinuko usizidi kiasi. Mingi tuliyokutana nayo ilikuwa ya asilimia 7 au 8, na penye roho mbaya 10. Asilimia 8 maana yake kila ukienda kilomita moja umeinuka mita 80. Basi unaweka gia nyepesi kuliko zote, meno machache mbele na mengi nyuma, miguu inazunguka haraka na baiskeli haina haraka yoyote. Tulikuwa tunakwenda kilomita 5 kwa saa, kipepeo anakupita na kurudi kukuangalia. Kwa mwendo huo mtoto hata akianguka anainuka na kujipangusa vumbi, basi. Siku ya tatu tuliacha kuhesabu kilomita tukahesabu kona, na binti yangu mkubwa (ametimiza miaka 12 tukiwa njiani) akapitisha sheria kwamba kila kona ya 5 ni ya kunywa maji, awe amechoka asiwe amechoka. Sheria nzuri sana ile. Mimi ningewaendesha mpaka mtu alie.

Kitindamimba wetu ana miaka 7, kwa hiyo yeye alikaa nyuma ya baba yake kwenye baiskeli ya watu wawili. Sijui kama umewahi kuipanda. Pedali za mbele na za nyuma zimefungwa pamoja kwa mnyororo, ukizungusha wewe na mwenzako anazunguka, hakuna wa kupumzika kwa siri. Ndivyo tulivyodhani. Siku ya nne baba watoto akaanza kusema mlima umekuwa mkali ghafla, akashuka akakagua breki kama zinabana, akakagua tairi. Mimi nilikuwa nyuma yao namwona mtoto amenyanyua miguu yote miwili juu ya pedali, ameitandaza hewani kama mabawa, anaimba. Sikusema kitu kwa muda wa kona tatu hivi. Usimwambie.

Kuna mchana mmoja baba watoto alishindwa kabisa, akashuka na kusukuma, na nikaona jinsi alivyoinamisha kichwa magari yalipokuwa yakipita. Binti akamfuata akamwambia kwamba mwaka 1910, mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalipopelekwa milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, kwa mara ya kwanza, hata wale mabingwa baadhi yao walishuka wakasukuma, na kwamba mpaka mwaka 1937 hawakuruhusiwa hata kutumia kifaa cha kuhamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine. Mtu akitaka gia nyepesi anasimama, anafungua gurudumu la nyuma, analigeuza upande, anafunga tena. Baba yake akauliza kama na wao walibeba mahema ya familia nzima. Akasema hapana. "Basi mimi ndiye bingwa," akasema, akaendelea kusukuma, safari hii kichwa kiko juu.

La hewa nyembamba nitalipitia upesi maana lilipita upesi, lakini usilidharau. Barabara yetu ilivukia mgongo wa mlima kwenye mita 3,140. Kwa kimo hicho kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu theluthi ukilinganisha na pwani, na maji yanachemka yakiwa na nyuzi 90 hivi tu, kwa hiyo chochote utakachopika kinachelewa kuiva na wenye njaa wananuna. Usiku wa kuamkia siku ya kuvuka tulikuwa tumepiga hema mita 2,600. Binti akasema kichwa kinamgonga, akasukuma sahani. Hatukubishana na dalili, tulifunga hema jua likiwa bado lipo, tukateremka mita 400 kulala chini. Asubuhi aliamka mzima, anadai chakula. Tulipoteza muda kuipanda tena ile barabara. Nikuambie ukweli, aliyenuna siku hiyo si mtoto, ni mimi.

Sasa nikupeleke upande wa pili.

Kutoka pale juu barabara inashuka kilomita 22 bila kupumzika, na ndani ya hizo inapoteza mita 1,500. Nilikuwa nimeisubiri kama sikukuu. Tukavaa kila nguo tuliyokuwa nayo, maana umepanda ukitoka jasho na sasa unakaa tu upepo unakupiga, na huko juu ni baridi. Kwa kawaida kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 na nusu hivi. Baba watoto na mdogo wakatangulia, binti katikati, mimi mwisho.

Kilomita mbili tu nikajua siipendi. Mlimani unapopanda, ukichoka unasimama. Unaposhuka, kusimama ndiyo kazi yenyewe. Nilikuwa natazama mgongo wa mwanangu unavyoingia kwenye kona, na upande wa nje wa kona ni hewa tupu, na hakuna ninachoweza kufanya isipokuwa kupiga kelele zinazobaki nyuma yangu na upepo. Tumbo joto, swahiba. Nilikuwa na tumbo joto na vidole vimekufa ganzi kwa kubana.

Na baba watoto naye alikuwa anabana, ila yeye alibana moja kwa moja, bila kuachia hata kidogo, kwa kuwa nyuma yake kuna mtoto. Ndilo kosa lenyewe. Yeye, mtoto, baiskeli na mizigo ni kilo 150 hivi. Kushusha uzito huo mita 1,500 kunatoa joto la kuchemsha zaidi ya lita 6 za maji, na mtu anayekwenda polepole hasaidiwi na upepo kupunguza kasi, kwa hiyo karibu joto lote linaingia kwenye raba za breki na ringi. Na tyubu imelala juu ya ringi.

Kilomita ya 9 au ya 10 nikasikia *fyuuu*, si mlipuko, ni kama mtu anayetema maji kwa hasira. Gurudumu la nyuma la baiskeli yao likaanza kucheza. Alikuwa amekwishapunguza mwendo, Mungu mkubwa, akaielekeza upande wa mlima, ikayumba mara mbili ikasimama kwenye majani. Kabla sijafika nikamsikia kitindamimba anauliza kwa furaha kabisa, "Baba, tumepata pancha?"

Niliishika ile ringi. Usiishike ringi, rafiki yangu. Lengelenge la kidole gumba bado ninalo. Baba watoto akaidondoshea maji kidogo kutoka kwenye chupa, tone likaruka, likachemka, likatoweka.

Nilipogeuka nikamwona binti amesimama pembeni, ameshika baiskeli yake, haji karibu. Ndipo nikakumbuka. Siku mbili kabla, tairi lile lile lilikuwa limeishiwa upepo, na yeye ndiye aliyeliziba. Aliomba mwenyewe. Alisugua tyubu kwa msasa, akapaka gundi, akangoja ikauke kama alivyofundishwa, akabandika kiraka na kukibana kwa kidole huku akihesabu hadi mia. Alijivuna nacho siku nzima.

Tukaitoa tyubu. Kiraka kilikuwa kimeteleza upande kama kitambaa cha kichwa kilicholegea, na chini yake gundi imelainika, inavutika nyuzinyuzi. Tundu limekaa wazi linatutazama. Hakuna aliyesema neno. Baba yake akamweleza taratibu. Tundu lile halikutoka barabarani, lilikuwa upande wa ndani wa tyubu, pale ule mkanda unaofunika vichwa vya spoki ulipokuwa umesogea na spoki moja ikatoboa. Kwa hiyo kiraka chake kilikaa uso kwa uso na ringi inayoungua. Hakuna kiraka cha gundi kilichoumbwa kwa moto ule, na aliyeuwasha ni baba kwa breki zake. Binti anaitikia kwa kichwa, lakini unajua mtoto anapoitikia ili umwache.

Basi baba yake akafanya jambo ambalo mimi nisingelifanya. Akatoa tyubu mpya, akamkabidhi, yeye akaenda kukaa juu ya jiwe na kumwita mdogo aje wahesabu ndege. Binti akaurudisha mkanda mahali pake, akapitisha kidole kwenye ringi yote kutafuta spoki nyingine iliyochomoza, akapachika tyubu, akarudishia tairi kwa vidole gumba, midomo ameikunja. Mikono ilikuwa inatetemeka. Ilichukua karibu dakika 40, na mimi nilisimama pale nimejifungia mikono kwapani ili isije ikamsaidia. Kujaza upepo alitumia ile pampu yako ndogo. Mdogo wake akaacha ndege akaja kuhesabu pampu hiyo, wakafika 212.

Kisha ikabidi kuondoka, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilisema mdogo atateremka na mimi kwa miguu, mpaka barabara ilainike kidogo. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama jambo dogo. Baba watoto akanitazama, hakunipinga. Nikamshika mtoto mkono, tukatembea kilomita 3 nikikokota baiskeli yangu, na wao wawili wakashuka polepole mbele yetu. Gurudumu lilikuwa zima kabisa. Tairi lile lilitufikisha mpaka mwisho wa safari, kilomita 300 na ushei, bila kuongezwa upepo zaidi ya mara moja.

Jioni tukiwa tunafunga kamba za hema binti akaniuliza bila kuniangalia, "Mama, hukuiamini?"

Nikamwambia nisizoziamini ni breki. Ni kweli nusu.

Kwa hiyo wewe ukienda na wako, na najua utakwenda, mambo ya kupanda yaachie watoto wenyewe. Hangaikia kushuka. Badilisha raba za breki kabla hujaondoka na ubebe za akiba, sisi tulimaliza pea mbili. Breki bana kwa nguvu kabla ya kona kisha achia kabisa, mbele na nyuma, ringi ipate kupoa. Simama kila kilomita mbili au tatu hata kama hakuna anayetaka. Kama baiskeli zenu zina breki za diski, nazo zinapata moto vilevile, afadhali tu ni kwamba moto wake uko mbali na tairi. Na kuna jambo moja ambalo sisi tuligundua kwa bahati: angalia vidole vya mwanao vinafika wapi. Mkono wa breki kwa kawaida una skrubu ndogo ya kuusogeza karibu na usukani. Binti yangu alikuwa amesafiri wiki nzima akibana kwa ncha za vidole viwili, na hakusema kwa sababu alidhani breki ndivyo zilivyo. Tulipomrekebishia, mteremko uliofuata alitupita wote. Nikapiga kelele tena, na tena zikabaki nyuma.

Kitindamimba anasema mwakani anataka baiskeli yake peke yake, maana kukaa nyuma "kunachosha miguu". Baba yake ameguswa sana.

Ile tyubu yenye kiraka hatukuitupa. Nilitaka kuitupa, nikaikuta kwenye mfuko wa binti, imekunjwa vizuri, na kiraka kipya kimewekwa. Sijamuuliza.

Pampu yako ninayo. Mpini umepata ufa kidogo, nadhani ni kwenye 200 hivi, nami nimeuzungushia utepe. Nitakuletea mwenyewe Jumamosi, tukae tuongee vizuri, nawe uniambie kama unaitaka hii au nikununulie nyingine.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Wako wa siku zote,
mwenye pua iliyobambuka